Naomba ushauri: kisanamu cha zamani cha chuma, nitoe rangi yote au nifanyeje?

Zamu ya Usiku: Wakuu habari za mida. Niko Nottingham, Uingereza. Nina kisanamu cha ule mchezo wa vita wa mezani wanaorusha dadu, shujaa mwenye shoka, kimo kama kidole gumba, cha kampuni ya Citadel cha miaka ya 80. Rangi imepakwa nene mpaka macho hayaonekani, shoka limekatika mpini, na kitakoni kuna unga mweupe kama chokaa. Nataka nitoe rangi yote nipake upya, kiwe tayari Jumamosi. Nitumie nini isile chuma? Nimechanganyikiwa kweli, naombeni msaada wa haraka.

Fundi Bodi: Rangi ni rangi tu mkuu. Mimi napiga rangi magari Tabata mwaka wa 14 huu, siri ni msasa na praima. Kuna jamaa aliniletea Noah nikamwambia tukwangue yote akabisha anataka fasta, miezi miwili tu akarudi mlango umejaa malengelenge.

Mpanga Majeshi: Fundi, msasa hapo marufuku. Vya Citadel vya kabla ya 1997 vilikuwa na madini ya risasi (lead), na huo unga mweupe ni risasi inayooza. Kilikaa kwenye kabati la mbao? Mwaloni unatoa mvuke wa asidi, risasi inaliwa taratibu. Usiupulize wala usiukwangue ukiwa mkavu, ni sumu. Rangi inatoka kwa asetoni au Dettol ya kahawia, loweka usiku mmoja, sugua kwa mswaki. Ila Dettol unaisuuza kwa Dettol kwanza, ikigusa maji mapema rangi inageuka ulimbo. Jumamosi kuna nini? Ni chako?

Zamu ya Usiku: Kiko kwangu. Kuna mtu namfanyia sapraizi.

Dada Mkubwa: "Kiko kwangu" sio jibu. Cha nani?

Zamu ya Usiku: Sawa. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Ni cha mzee mmoja, Jumamosi anatimiza miaka 81. Nilikitoa kwenye kabati lake, la mwaloni kweli, nikakiweka mfukoni Jumatatu bila kumwambia. Kilipakwa na mwanae akiwa na miaka 9, na huyo mwana ameshafariki. Miguu nilishailoweka Dettol juzi, sasa ni chuma tupu. Lakini jamani nia yangu njema, uso uko kama umemwagiwa uji, mzee anakishika kila jioni anatazama kitu kibovu, nikaona kikipendeza atafurahi. Na rangi nishanunua, pauni 22.

Dada Mkubwa: Mungu wangu. Mama yetu alipofariki aliacha kanga imechanika pindo, shemeji akaitupa akamnunulia baba mpya. Baba hakusema neno, ila ile mpya mpaka leo iko kwenye nailoni yake. Huo uji ndio mkono wa mtoto wake, wewe unauita ubovu!

Kijana wa Kigogo: Chai hii. Mzungu wa miaka 81 anashika midoli kila jioni? Picha iko wapi? Kesho utatuambia kakurithisha nyumba.

Mtaa wa Pili: Hata mimi nanusa tangawizi.

Mpanga Majeshi: Subirini. Zamu, Dettol uliisuuzaje?

Zamu ya Usiku: Niliweka chini ya bomba, ikawa inanata kama utomvu wa fenesi, mswaki nimetupa. Picha sipigi, vitu vya wateja kazini kwetu ni marufuku kupiga. Ila kitakoni, pembeni ya ule unga, kuna herufi mbili zimekwaruzwa kwa pini, mkwaruzo wa mwisho umeteleza mpaka ukingoni. Nimeziona leo.

Mpanga Majeshi: Huyu hatungi, hilo la bomba limewapata wengi wetu. Sasa sikiliza, uso usiuguse tena. Shoka toboa tundu la milimita 1 kila upande kwa drili ya kuzungusha kwa vidole, risasi ni laini, ingiza waya wa shaba na tone la supa gluu. Miguuni changanya rangi ifanane na kiunoni, hata kama ni mbaya. Lakini kabla ya yote hayo mwambie mzee.

Zamu ya Usiku: Na akinishtaki? Viza yangu imefungwa na hii kazi. Si bora nimalizie miguu kimyakimya nikirudishe tu?

Mzee wa Kilwa: Mwanangu, kitu cha mtu kikilala mfukoni mwako siku tano kinaanza kuitwa jina lingine. Amekishika miaka yote hiyo, unadhani vidole vyake havitajua?

Zamu ya Usiku: Shikamoo mzee. Nimesoma hilo mara tatu. Zamu yangu kesho saa moja asubuhi. Nimekifunga kwenye pamba, na shoka lake pembeni. Nitamwambia kabla sijamvalisha soksi.

Fundi Bodi: Miguu akikuruhusu, mkono wa kwanza wa rangi uwe mwembamba, kikauke ndio urudie. Haraka ndiyo iliyoua ile Noah.

Dada Mkubwa: Tunasubiri mrejesho. Na mikono unawe kwa sabuni, hiyo ni risasi.