Mwisho wa Inside: bonge, wanasayansi, au sisi wenye pedi?

Mti_Mkavu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu unafichua mwisho wote wa Inside. Kama hujaicheza, kaicheze kwanza. Ni gemu fupi, jioni moja inatosha, na haina neno hata moja la kusoma wala la kusikiliza, kwa hiyo hakuna atakayesema lugha ilimwangusha.

Nimeimaliza mara ya pili wiki hii na mpaka sasa haijanitoka kichwani. Mara ya kwanza niliishia pale wengi tunapopajua. Mtoto unayemwongoza anaogelea ndani ya tangi, anazichomoa zile kofia za kuendeshea akili za watu zilizong'ang'ania lile bonge la miili ya watu, bonge linamvuta ndani, na kuanzia hapo wewe ndiye bonge. Unavunja kuta, watu wanakimbia, unabingirika kilimani kati ya miti mpaka karibu na maji. Mwanga umekushukia. Unabonyeza pedi, haijibu. Kimya, halafu majina ya waliotengeneza.

Safari hii nimezima matufe yote yaliyofichwa, nikarudi kwenye shamba la mahindi, nikashuka handakini hadi nyuma ya mlango wa mwisho. Kuna mtambo na waya. Mtoto anauvuta waya kutoka ukutani. Taa zinazimika, naye anainama, kichwa chini, mikono inaning'inia, vilevile kama wale watu tuliokuwa tunawaendesha kwa kofia tangu mwanzo. Giza.

Sasa tulinganishe. Wapo wanaosema bonge ndilo lililomwita mtoto kwa mbali aje alifungue. Wapo wanaosema wanasayansi walipanga yote, hata huko kutoroka. Na wapo wanaosema mwenye kofia ni mimi na wewe tulioshika pedi. Mnasimama wapi? Naomba ushahidi utoke ndani ya gemu. Nawasilisha.

BintiMakorora

Bonge, kaka. Tazama tu huyu mtoto anaelekea wapi. Anayetoroka huikimbia hatari. Huyu anaanzia msituni akisakwa na watu wenye magari na mbwa, na kila hatua anazidi kuingia kwao: banda la nguruwe, mjini kwenye foleni, kiwandani, chini ya maji, maabara. Akilifikia tangi hasiti. Anaingia na kuanza kuchomoa, kama aliyetumwa.

Wale watu wa kofia mimi nawaita misukule, na simaanishi mzaha. Tumekulia Tanga na habari hizo: mtu anazikwa, ndugu wanalia, wanaanua tanga, kumbe yuko shambani kwa mtu analima usiku, hana ulimi, hajijui. Ukisikia msukule kaonekana njiani, wazee hawaulizi anakwenda wapi. Wanauliza ni wa nani. Ndivyo nilivyoicheza Inside kutoka mwanzo. Nilikuwa nauliza huyu mtoto ni wa nani, na alipomezwa na lile bonge nikasema basi, amefika kwa mwenyewe.

Mwisho wa siri unaafikiana na hilo. Ukikata waya, msukule anasimama pale alipo. Hana safari yake.

pedi_ya_kushoto

Dada Binti, hoja ya msukule naipokea kwa mikono miwili, ila mwenyewe umemkosea. Unasema mtoto anazidi kwenda ndani. Aliyemsukuma kulia ni nani kama si kidole changu? Hakuna mahali gemu ilinilazimisha, nilikwenda tu kwa sababu ndivyo tulivyozoea.

Kumbukeni pale mtoto anapovaa kofia akamwongoza msukule, na yule msukule naye akaingia kwenye kofia nyingine akamwongoza wa tatu. Hiyo ngazi haikuwekwa kuwa fumbo la kufungulia mlango tu. Wametufundisha kuhesabu kwenda chini: mtoto, msukule, msukule wa msukule. Ukishajua kuhesabu kwenda chini, jaribu kupanda. Juu ya mtoto yupo nani? Mimi, nimekaa kwenye kochi.

Ndiyo maana mwisho wa siri kwangu ndio mwisho wa kweli. Ule waya ni wangu. Mtoto ameukata, na kwa kuwa hakuwahi kuwa na kitu kingine ndani yake, ameanguka.

MwanaKisauni

Salaam kutoka Mombasa. Naona nyote mmepita mbio pale ambapo mimi nilisimama.

Ukiwa tayari ni bonge, unavunja njia ndani ya jengo, kuna mahali unapita penye mfano mdogo wa mandhari, kama ile mifano ya nyumba inayowekwa mezani kwa wasanifu majengo. Rudini mtazame umefanana na nini. Ni kile kilima. Miti ile ile, mteremko ule ule unaoshukia majini, na taa imeelekezwa pale pale bonge linapokuja kulala. Kimetengenezwa kabla hatujafika.

Mimi nilipoona mwanga ule mwishoni, moyo ulitulia kwa sekunde chache, nikasema maskini wamepata jua. Kisha nikakumbuka ile taa ya kwenye mfano. Sijui kama nimewahi kuumizwa hivyo na gemu. Mwanga umesimama juu yake tu, pembeni pamefifia. Jua haliangazi hivyo. Taa ya jukwaani ndiyo huangaza hivyo.

Kwa hiyo mimi nasimama na wanasayansi. Foleni ya mjini nayo inathibitisha: mtoto anajipenyeza kati ya misukule, anatembea wanavyotembea, anaruka wanaporuka, na watu wamekuja kutazama, wengine na watoto wao. Hawa ni watu wenye desturi ya kupima na kuonyesha. Kutoroka kwa bonge ni onyesho jingine.

BintiMakorora

Kaka wa Kisauni, ule mfano nimeuona na umenisumbua. Lakini kama walipanga, mbona yule mkubwa wao anapondwa ofisini kwake? Nani anapanga kifo chake mwenyewe? Na wale wanaokimbia kwa hofu?

MwanaKisauni

Hofu yao naiamini, dada. Jaribio laweza kumponyoka mwenye jaribio na bado likaishia ndani ya ua wake. Wavuvi huku kwetu wakiweka uzio wa samaki, samaki anaruka, anarusha maji, anaweza hata kukujeruhi mkono. Bado yumo ndani ya uzio.

Halafu kumbuka kabla ya tangi, wafanyakazi wanavyokimbilia madirishani kulitazama bonge. Mtoto anapita karibu yao, hawamjali. Mwanzo walimtuma mbwa amrarue, sasa amekuwa hewa.

Kibatari

Mimi si mchambuzi, ila niongeze mambo mawili kwa wanaodhani tunakuza vitu.

Playdead, wale wa Copenhagen, walitoa Limbo 2010 na Inside 2016, zote chini ya Arnt Jensen. Ukiangalia Limbo, mwisho ni vilevile: mvulana anamkuta msichana, msichana anashtuka, picha inakatika. Kutotuambia ni kazi yao, na wanaifanya kwa uangalifu. Mwaka 2017 Inside ilichukua tuzo nne za BAFTA, zile za Uingereza, za gemu, mojawapo ya usimulizi. Gemu isiyo na neno ikapewa tuzo ya kusimulia!

La pili ni sauti. Mtengenezaji wa sauti, Martin Stig Andersen, alipitisha sauti ndani ya fuvu halisi la binadamu akazirekodi zikitokea humo, zipate ule ubutu wa mtu anayesikia kutoka ndani ya kichwa chake. Kwa hiyo unachosikia muda wote ni kichwa cha mtu. Cha nani? Mtoto? Bonge? Au mchezaji? Hapo ndipo ninapoegemea kwa pedi_ya_kushoto, lakini siapi.

Mti_Mkavu

Asanteni, nimejifunza. Hilo la fuvu limenifanya nivae spika za masikioni nirudie usiku.

Naomba nimjibu pedi_ya_kushoto, kwa sababu nilikuwa upande wake mpaka jana. Nimefanya hivi: nimesimama katikati ya mahindi, nikaiweka pedi mezani, nikaondoa mikono. Mtoto akasimama. Wima. Hakuinama, mikono haikuning'inia. Alisimama kama mtoto anayesubiri kuitwa.

Sasa kama waya ule ni kidole changu, kila ninapoacha kubonyeza ningekuwa nimeuchomoa, naye angeinama. Hainami. Na kuna mambo anayafanya ambayo pedi haina kitufe chake: anageuza kichwa kuangalia mbwa wanapomkaribia, anahema akitoka kukimbia. Mimi namwambia kimbia, lakini sijawahi kumwambia ogopa. Woga ni wake, au umetoka kwa mwingine, lakini si wangu. Kwa hiyo kati yangu na mtoto yupo mtu. Tafsiri ya tatu haijakosea, ila imeruka ngazi moja.

pedi_ya_kushoto

Mkuu, hilo limenigusa na nimekaa nalo tangu mchana. Najibu hivi: kuiweka pedi mezani si kuondoka. Bado unamtazama. Msukule wa ndani ya gemu naye, mwongozaji akitulia bila kusogea, hubaki amesimama kwenye kofia, hakatiki. Ulichofanya wewe ni kutulia tu.

Lakini la woga sina jibu. Nakubali.

BintiMakorora

Mimi ninalo. Woga ni wa bonge. Lile ni miili mingi iliyoshikamana, na kila mmoja humo aliwahi kuwa mtu aliyeogopa. Sikilizeni linavyogugumia likianguka. Mtoto anapogeuza kichwa kuwaangalia mbwa, anaangalia kwa macho ya wote waliowahi kukamatwa.

Na ufukweni limetulia kwa sababu limechoka. Iwe jua au taa, sijali tena. Nililia pale.

MwanaKisauni

Dada, nimekusoma mara mbili. Kwa bonge kuwa ndilo linaloogopa, nakufuata. Ila kuna ulinganisho mmoja hatujaufanya. Miisho yote miwili pedi inakufa. Ufukweni unabonyeza, hakuna kitu, lakini picha inabaki na mwanga unabaki. Handakini unabonyeza, hakuna kitu, na giza linafunika. Kama mwongozaji ni mmoja, mbona anaachia mara mbili kwa namna mbili? Handakini uzi umekatwa. Ufukweni naona haujakatwa, ameulegeza tu, kwa kuwa kilichotakiwa kimefika mahali pake, chini ya taa.

Mti_Mkavu

Ufukweni sikuwahi kusubiri. Nilibonyeza mara mbili tatu nikakata tamaa, majina yakaanza. Usiku huu nitafika pale, niweke pedi chini, nisiangalie majina, niliangalie bonge tu, kama kuna mkono wowote unaosogea bila mimi. Nitarudi hapa kesho.

Kibatari

Angalia na kule juu ya kilima, mkuu, nyuma yake. Mimi huwa nasahau kuangalia lilikotoka.