Naomba ushauri: kiwanja chetu cha michezo wanataka kukifunga, tuanzie wapi?

Wakuu habari za jioni. Niko mkoani Mtwara, kuna kiwanja cha halmashauri hapa kwetu vijana tunapigia ndondo, mabinti wanacheza netiboli na alfajiri wazee wa presha na sukari wanazunguka taratibu na makobazi yao, sasa tunasikia kitafungwa zijengwe fremu eti wanatafuta mapato. Mapato sawa, ila ushuru wa mazao asilimia 3 si wanakata kwenye korosho kila msimu jamani?

Mwenyekiti wa mtaa ukimuuliza anasema na yeye kasikia juu juu tu, diwani ndo hapokei simu kabisa. Kuna mtu kaniambia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kukujibu ukiomba taarifa kwa maandishi. Aliyewahi kuitumia anielekeze, barua niandike kwa jina langu au tukusanye saini za mtaa mzima? Na kwenye baraza la madiwani mtu wa kawaida anaruhusiwa kuongea au unakaa tu kusikiliza? Siasa sitaki, nataka kiwanja tu.