Tupeane uzoefu: Kukodi gari na dereva wake kutoka Nairobi hadi Mombasa

Binti wa South C

Wenzangu, salamu. Mwezi ujao ninampeleka mama Mombasa pamoja na shangazi zangu wawili. Kwa kuwa magoti ya mama hayamruhusu kukaa ndani ya basi usiku kucha, wala hatutaki kubeba mizigo hadi stesheni ya treni ya Syokimau kisha tuanze kutafuta gari jingine tukishushwa Miritini, tumekubaliana kukodi gari pamoja na dereva wake. Safari ni ya takriban kilomita 480, na bei nilizotajiwa zinapishana mno hata sielewi kila mmoja amehesabu nini. Naomba waliowahi kukodi gari la safari ndefu watueleze walivyopatana na yaliyowakuta njiani. Masimulizi yawe ya mliyoyaona wenyewe, si ya kusikia.

Baba Neema, Donholm

Dada, bei hupishana hasa kwa sababu ya safari ya kurudi. Gari la Nairobi likikushusha Nyali halina budi kurudi, na mafuta ya kurudi lazima yalipwe na mtu. Tulipokuwa tukimpeleka baba mkwe, mwenye gari mmoja alitutajia bei ya chini iliyotuvutia sote, lakini tulipombana kwa maswali ilibainika kwamba mafuta ya kwenda na kurudi yalikuwa juu yetu, na malazi ya dereva vilevile. Tulipojumlisha, akawa ghali kuliko yule wa bei ya juu aliyeingiza kila kitu. Uliza basi kabla hujatoa malipo ya awali: je, bei ina mafuta, ina kurudi, dereva atalala wapi na kwa gharama ya nani, na ikiwa mnafikia Likoni, muda wa kungoja feri unahesabiwaje? Mwombe ayaandike majibu hayo kwenye ujumbe wa simu, kwa maana wengi wao hawana mkataba mwingine wowote.

Zipo pia gari za Mombasa zilizoleta abiria Nairobi na zinazorudi tupu. Ukiipata moja, bei hushuka sana, ila utaondoka saa aitakayo mwenye gari, si uitakayo wewe.

Mama Zawadi, Utawala

Mimi nitasema juu ya dereva, kwa sababu watu huchunguza rangi ya gari na upana wa viti, na anayeshika usukani hawamwulizi hata amelala saa ngapi. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, wakati mzuri kabisa, kwani msongamano wa Mlolongo ulikuwa haujaanza. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu. Tulipokaribia Emali nikamwona akishusha kioo, akajimwagia maji ya chupa shingoni, kisha akaanza kujipiga makofi mashavuni polepole, akidhani sisi wa nyuma tumesinzia. Nikamwuliza, "Mwanangu, jana ulikuwa wapi?" Akajibu kwamba alikuwa ametoka Kisumu na kuingia Nairobi saa sita usiku. Yaani alikuwa amekwisha kuendesha kama kilomita 350 kabla hata hajatuona.

Nilimwamuru asimame Kibwezi. Akalaza kiti na kukoroma, nasi tukakaa chini ya mti tukila matikiti maji. Mwenye gari alipopigiwa simu alisema dereva wake ni simba, hachoki. Simba mwenyewe alizinduka baada ya muda mrefu, akanishukuru kwa sauti ya chini, na tukaendelea. Sehemu kubwa ya barabara hiyo ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, malori yamepangana kama treni, na kuyapita kunahitaji macho makavu. Kwa hiyo siku hizi huweka sharti kwamba dereva awe amelala nyumbani kwake usiku wa kuamkia safari, na humpigia yeye mwenyewe jioni hiyo, si mwajiri wake.

Mkihitaji chakula njiani, hekalu la Masingasinga la Makindu huwakaribisha wasafiri wote bila malipo.

Msafiri wa Kinoo

Ongezeni bima. Bima ya gari la matumizi binafsi kwa kawaida haiwahusu abiria wanaolipa. Mimi huomba picha ya cheti cha bima na ya leseni ya dereva siku moja kabla, na mwenye gari akianza kuzungushazungusha maneno, huyo namwacha.

Mjomba wa Kitengela

Njia yangu ni ya Arusha. Mwenye gari alitueleza mapema kwamba atatufikisha Namanga tu, na ng'ambo tukapokewa na gari la Tanzania alilokwisha kulipanga. Mizigo ilihamishwa mara moja, na hatukupata usumbufu.

Binti wa South C

Nawashukuru sana. Tayari nimempigia mwenye gari mmoja, naye amekubali kuandika kila kitu isipokuwa malazi ya dereva, ambayo tutagawana. Mama Zawadi, nakuomba jambo moja zaidi: dawa za presha za mama humfanya aende msalani mara kwa mara. Tusimame wapi?

Mama Zawadi, Utawala

Sultan Hamud, Makindu na Mtito Andei hamtapata shida, kuna vituo vya mafuta na mikahawa. Kutoka Mtito Andei hadi Voi ni karibu kilomita 100, na pande zote mbili ni mbuga ya Tsavo, kwa hiyo msimame Mtito Andei hata kama mama atasema hana haja. Mwambie dereva hayo kabla ya kuondoka Nairobi, asije akafikiri mnamchelewesha.