Mdogo wangu mwembamba ana kolestro juu, mimi mnene niko sawa. Inawezekanaje?

NyarKondele: Habarini wadau, nisaidieni. Mdogo wangu anabeba mizigo pale soko la Kibuye kila siku, mwembamba kabisa, juzi kapimwa damu na LDL, ile kolestro mbaya, ikatoka 6.4. Mimi niko na mwili, chapo nakula, na yangu ni 2.7. Nyumbani wanasema ni mashine imeharibika, eti mtu mwembamba hawezi kuwa na mafuta kwa damu. Lakini baba yetu alikufa ghafla na moyo akiwa na miaka 46 na hakuwa mnene hata kidogo, so mimi silali. Dogo naye amekataa kurudi hospitali, anasema ataacha tu mayai.

TabibuNaks: Pole dada. Niko kliniki hapa Nakuru na hii naiona sana. Arudie kipimo sawa, lakini msiseme ni mashine. Unene na kolestro ni vitu viwili. Kolestro nyingi inatengenezwa na mwili wenyewe, sanasana ini, na ini ndilo linaitoa kwa damu kupitia vipokezi vya LDL, yaani kama mikono midogo ya kuishika. Sasa kuna watu wamezaliwa jeni ya hivyo vipokezi ikiwa na kasoro, mafuta yanabaki yakizunguka tangu utotoni mpaka mishipa inaziba mapema. Brown na Goldstein wa Marekani walipewa Nobel 1985 kwa kazi hiyo. Si nadra vile watu hudhani, ni kama mtu 1 kwa kila 250 hadi 300. Mzazi mmoja akiwa nayo kila mtoto ni nusu kwa nusu, ndio unaona wewe huna na yeye anayo. LDL ikipita 4.9 na mzazi alienda na moyo akiwa kijana, hapo lazima afuatiliwe. Mwambie ashike ule mshipa mgumu nyuma ya kisigino, kama umenenepa na una vinundu amwonyeshe daktari. Mayai aache asiache, 6.4 haitashuka hivyo, atahitaji statini, zile dawa za kushusha kolestro.

MwalimuKK: Na iko pia bahati ya upande ule mwingine. Jeni inaitwa PCSK9, ndiyo hupunguza hivyo vipokezi. Utafiti wa 2006 kule Marekani ulipata kama 2.6% ya watu weusi wana mabadiliko yanayoizima, LDL yao iko chini kwa 28% na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa chini kwa 88%. Dawa za sindano za kuzuia PCSK9 zilitoka hapo, zikaidhinishwa 2015.

NyarKondele: Asanteni sana, mmenifungua macho. Na huu unene wangu, nao ni jeni?

TabibuNaks: Kiasi. Jeni ya unene inayoitwa FTO ilijulikana 2007, mwenye nakala mbili za aina inayonenepesha anazidi wengine kwa kama kilo 3 hivi kwa wastani, zaidi ni kwa sababu ya njaa na kushiba, na ukifanya mazoezi nguvu yake inapungua. Tena ziko jeni mamia zingine, kila moja inaongeza kidogo tu. LDL yako ni nzuri lakini pima sukari na presha, hizo hazijali kolestro yako ikoje.

NyarKondele: Sawa daktari. Jumatatu nampeleka mwenyewe, hata akinuna. Ako na msichana wa miaka 9, naye apimwe?

TabibuNaks: Ndio, aende naye siku hiyo hiyo. Na mtoto anywe chai yake asubuhi, si lazima afunge.