Nimeachana na mwenzangu wa kutunga, sasa nyimbo zangu ni sukari tupu

SautiYaPili:
Wakuu, habari za humu. Nimetunga nyimbo na rafiki yangu miaka sita, mimi na gitaa, yeye na daftari la maneno. Tumeachana bila ugomvi. Sasa narekodi albamu yangu ya kwanza peke yangu, na jana nimelala chali nikasikiliza demo nane mfululizo. Zote zinabembeleza! Ubeti wa kwanza nakupenda, wa pili nakupenda zaidi, kiitikio nitakusubiri. Yeye angefika ubeti wa pili akaandika "ila funguo zangu nirudishie", na wimbo mzima ungebadilika sura. Hivi mtu akitoka kwenye utunzi wa wawili anabaki na nini?

KandaMbili:
Mkuu, ugonjwa wako ni wa Paul McCartney wa Beatles. Sikiliza "We Can Work It Out" ya 1965. Beti ni za Paul, anasihi kwamba yatakwisha tu. Kipande cha katikati ni cha John Lennon, mwenzake wa kutunga: maisha mafupi, muda wa kugombana uko wapi? Hapohapo kodi (chords) zinaingia giza na mdundo unageuka waltz, mapigo matatu-matatu. Sasa chukua albamu walizotoa 1970 baada ya kuachana, kila mtu na yake. Paul kajifungia, kapiga vyombo karibu vyote mwenyewe, kazi ya starehe ya nyumbani. Ya John ni kidonda kibichi. (Najua, John naye alikuwa na sukari yake, msinirukie.) Ila kila mmoja alikosa mtu wa kumkatiza.

VidoleKumi:
Naongezea. Elton John na Bernie Taupin walikutana 1967, wote wakiwa wamejibu tangazo la kampuni ya rekodi. Taupin anaandika maneno, anayaacha, Elton anakaa kwenye piano peke yake na ile karatasi. Jina kwenye jalada ni la mmoja, lakini kazi ni ya wawili tangu mwanzo. 1978 Elton akatoa albamu A Single Man, maneno ya Gary Osborne. Sauti ileile, vidole vilevile, ila mimi nasikia mtu mwingine. Mistari ya Taupin haikukatwa kwa kipimo cha melodia, kwa hiyo melodia ndiyo ililazimika kujipinda. Nikuulize ndugu: kwenu kipi kilitangulia, maneno au gitaa? Kama ni maneno, basi hukupoteza mashairi tu, umepoteza kile kilichokuwa kinakulazimisha kukata kona.

MstariWaBega:
Mnamwongelea mwenza kama mkasi tu. Kuna siku anakuzuia usikate. Paul alimpigia John Lennon "Hey Jude" 1968, akafika kwenye ule mstari unaotaja bega, akasema huu nitaurekebisha. John akamwambia acha, ndio mstari bora humo. Peke yako ungeufuta usiku uleule. SautiYaPili, kabla hujalia ukosefu wa chumvi, fungua ulivyovifuta.

SautiYaPili:
VidoleKumi, umenipiga penyewe. Maneno ndiyo yalitangulia, karibu kila mara. Leo nimeweka gitaa chini nikaandika mistari kumi na miwili bila kuipigia wimbo wowote mdomoni. Wa saba umetoka mrefu kupita kiasi, hauingii kwenye mapigo manne kwa namna yoyote. Zamani ningeupunguza. Nimeongeza mapigo mawili, na sasa melodia inajikwaa hapo kidogo kama mtu anayetafuta neno. Kwenye vilivyofutwa nimekuta viwili vya maana, vingine vilistahili kufa.

Nimemtumia mwenzangu hiyo demo. Amejibu neno moja: "Funguo?"

KandaMbili:
Mrudishie mistari yake bwana 😂