Familia ya Ujiji: 176 ya Baba

Baba: Asalaam aleikum wanangu. Nimepima sukari kabla ya chai, mashine aliyonitumia Juma imeandika 176. Wiki iliyopita kliniki walinipima wakasema 9.8. Dawa nameza, sasa imepandaje namna hii?

Shangazi Zaituni: Yarabi! 176! Kaka ugali uache leo leo.

Ba'mdogo Hamisi: Mimi nipo Mwanga hapa. Nachukua bajaji nakuja, tumpeleke hospitali ya Maweni.

Rehema: Waaleikum salaam Baba, shikamooni wote. Ba'mdogo subiri kwanza. Baba, pembeni ya hiyo 176 kuna herufi ndogo, zinasomekaje?

Mama: Nimemsomea mimi. mg/dL.

Rehema: Alhamdulillah. Basi haijapanda. Kliniki wanasoma kwa mmol/L, mashine ya Juma inasoma kwa mg/dL. Damu ni ile ile, vipimo ndivyo viwili. Ukitaka kutoka kwenye namba ya mashine kwenda ya kliniki unagawanya kwa 18. Fanyeni kwenye simu, 176 gawanya kwa 18.

Juma: 9.8 kasoro kidogo sana.

Ba'mdogo Hamisi: Kumbe ile ile ya kliniki!

Baba: Maana yake tangu nianze dawa haijashuka hata kidogo?

Rehema: Baba, metformini, hiyo dawa unayomeza, haishushi sukari kwa siku mbili tatu. Inachukua wiki kadhaa ndipo nguvu yake yote ionekane, na kwa kawaida daktari huanza na dozi ndogo ili tumbo lizoee. Endelea kumeza pamoja na chakula. Usiongeze kidonge kwa sababu ya namba ya asubuhi moja, tafadhali.

Juma: Dada, hiyo mashine naweza kumwelekeza aibadilishe isome kama ya kliniki?

Rehema: Baadhi zinabadilika, nyingi zimefungwa kiwandani. Iache ilivyo. Mama aandike kwenye karatasi aibandike ukutani: 70 ni karibu 4, 130 ni karibu 7, 180 ni 10. Hizo tatu zinatosha kwa kuanzia. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, kabla ya kula tunataka iwe kati ya 4 na 7 hivi, na saa mbili tangu aanze kula iwe chini ya 10. Ila Baba ana umri na presha, daktari wake anaweza kumwekea lengo lake mwenyewe. La daktari ndilo la kufuata.

Mama: Mwanangu mimi kinachonishinda ni hiki. Jana usiku kabla hajalala ilikuwa 149. Hakuamka kula kitu, nilikuwa naye. Asubuhi 176. Imetoka wapi?

Rehema: Mama hilo swali wagonjwa wengi wanajiuliza, na wengine wanaishia kugombana na wake zao kuwa wamewatilia sukari kwenye chakula. Ini lina akiba ya sukari. Alfajiri, kabla mtu hajaamka, mwili unatoa homoni za kumwandaa kwa siku, na homoni hizo zinaliambia ini litoe sukari kwenye damu. Mtu asiye na kisukari, insulini yake, yaani homoni inayoshusha sukari, inaidhibiti. Kwa Baba insulini ipo ila mwili hauisikii vizuri, basi ile sukari inabaki inazunguka. Kwa hiyo Mama hukukosea pishi, na yeye hakuiba chakula.

Baba: Mimi nilikuwa nimepanga nisile usiku ili asubuhi iwe nzuri.

Rehema: Hapana Baba. Kula, ila kwa kipimo. Kulala njaa hakulizuii ini kutoa akiba yake. Na siku ukija kubadilishiwa dawa, zipo kama glibenklamaidi ambazo ukimeza bila kula zinaweza kuishusha sukari mno hadi ukaanguka. Usijizoeze kuruka mlo.

Shangazi Zaituni: Mimi jirani yangu anakunywa mwarobaini tu na sukari yake imetulia. Na asali badala ya sukari.

Rehema: Shangazi, asali inapandisha sukari pia. Mwarobaini siwezi kumshauri Baba aachie dawa kwa ajili yake. Akitaka kunywa amwambie daktari kwanza, asifiche.

Shangazi Zaituni: Haya mwanangu. Na dona je? Si ndiyo haina sukari?

Rehema: Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya pumba, lakini ni wanga, na wanga tumboni unageuka sukari. Ugali wa muhogo ni hivyo hivyo. Sikatazi ugali, maana Baba bila ugali hajala! Nataka ukubwa upungue. Robo ya sahani ugali, robo samaki kama mgebuka au maharage, nusu nzima iwe mboga, sombe (kisamvu) au matembele. Mawese hayapandishi sukari kama ugali, ila yananenepesha, Mama apunguze mkono kidogo.

Mama: Jamani subirini. Sasa hivi amepima tena imekuja 241!! Na hata chai hajanywa.

Ba'mdogo Hamisi: Nakuja.

Rehema: Mama, kabla ya kupima alikuwa anafanya nini?

Mama: Alikuwa anamenya papai la wajukuu.

Rehema: Anawe mikono kwa sabuni na maji, aikaushe kabisa, atoboe kidole kingine, pembeni si katikati, halafu apime upya.

Mama: 183.

Juma: Subhanallah. Papai tu?

Rehema: Papai tu. Maji matamu ya tunda yakibaki kwenye ngozi yanachanganyika na lile tone la damu. Na 176 na 183 zisiwatie shaka, mashine hizi zinaruhusiwa kutofautiana na maabara hadi asilimia 15 hivi. Vile vijiti vya kupimia navyo visikae dirishani kwenye jua, kopo lifungwe kila akitoa kimoja, na muangalie tarehe ya kuisha.

Juma: Vijiti ni ghali kweli. Kopo moja lina 50. Apime mara ngapi?

Rehema: Kwa anayemeza metformini peke yake hakuna haja ya kujitoboa kila saa. Siku chache kwa wiki, lakini kwa jozi: kabla ya mlo, halafu saa mbili tangu aanze kula mlo huo huo. Namba bila saa na chakula hainiambii kitu. Kwenye daftari aandike hivi: "Jumatatu, mchana, kabla 142, ugali wa muhogo na dagaa, baada 214." Hapo daktari anaona kuwa huo ugali ulikuwa mkubwa.

Baba: Na ile karatasi ya maabara imeandikwa HbA1c 8.4. Hiyo nayo nigawanye kwa 18?

Rehema: Hiyo usiigawanye Baba. Hiyo ni asilimia. Inaonyesha sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi kama siku 120, ndiyo maana inasimulia miezi miwili mitatu iliyopita. 8.4 ni sawa na wastani wa 194 kwenye mashine yako. Wengi tunawalenga chini ya 7. Mwenye siko seli au upungufu wa damu, kipimo hicho kinaweza kudanganya, lakini wewe damu yako walisema iko sawa.

Ba'mdogo Hamisi: Sasa bajaji niite lini?

Rehema: Ikishuka chini ya 70 na anatoka jasho au anatetemeka: vijiko vidogo vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji, anywe, dakika 15 apime tena. Akipoteza fahamu asinyweshwe kitu, hapo ni hospitali. Upande wa juu, mashine ikiandika HI, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma, baada ya kunawa mikono, au ikiwa juu ya 270 na anatapika, ana kiu isiyokatika, anasinzia sinzia, usiniulize mimi, ita bajaji.

Ba'mdogo Hamisi: Nimeelewa. Alhamisi kliniki nampeleka mimi, saa 1 asubuhi nipo mlangoni.

Rehema: Ahsante Ba'mdogo. Beba mashine yenyewe, vijiti na daftari, wailinganishe na yao. Na muulize lini atapimwa macho, figo na miguu, asirudi bila jibu la hilo.

Mama: Kadi imeandikwa afike kabla ya kula.

Rehema: Basi mfungie chai isiyo na sukari kwenye chupa, yai na kipande cha muhogo. Akishatolewa damu ale pale pale, ndipo ameze dawa.