Theluthi ya fidia kwenda kwa wakili: haki au wizi?

Mleta mada: Mtu kagongwa na gari, mguu umevunjika, kazi hakuna. Fidia ikitoka, wakili anakata theluthi. Eti "usiposhinda hulipi kitu". Huku ni kuvuna kwenye maumivu ya watu. Mnasemaje wakuu?

Hakimu wa Kijiweni: Mkuu, asiye na senti angemlipa nani kwa saa? Kesi ikianguka, jasho la wakili limepotea. Cha kudai ni ukomo. Uingereza tangu 2013 ada ya ushindi haivuki asilimia 25 ya fidia, na hela ya matunzo ya baadaye haiguswi.

Kunguru Mjanja: Hao mawakili ndio walioharibu dunia. Si yule mama wa Marekani, anaendesha gari huku anakunywa kahawa, kajimwagia, kaondoka na mamilioni?

Mwanahawa: Kunguru, kila mwaka hadithi hiyo hiyo. Hakuwa anaendesha. Bibi wa miaka 79, kiti cha abiria, gari limesimama. Aliungua mpaka akawekewa ngozi nyingine. Mwanzoni aliomba dola 20,000 tu, McDonald's, mgahawa uliomuuzia kahawa, wakampa ofa ya 800!

Kunguru Mjanja: Kahawa ni ya moto, hata mtoto anajua. Kosa lake.

Mwanahawa: Ndiyo maana mwaka 1994 baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kesi, lilimbebesha asilimia 20 ya kosa, fidia ikashuka toka 200,000 hadi 160,000. Yale mamilioni yalikuwa adhabu kwa kampuni, na jaji akayafyeka mpaka 480,000. Soma kwanza, povu baadaye.

Kunguru Mjanja: Dada punguza ukali, kwani ni bibi yako?

Dawati la Madai: Nimefanya kazi ya bima, niwape siri. Ofa ya kwanza huja mapema, kabla daktari hajasema kama mguu utapona sawasawa. Ukisaini hati ya kumaliza madai, mguu ukipinda baadaye huwezi kurudi kudai tena. Sasa mtu mzima anasaini bila kusoma, halafu analia kadhulumiwa. Ajilaumu.

Fundi Seremala: Ajilaumu? Umewahi kulala na chuma mguuni, ada ya shule inadaiwa, anakuja mtu wa tai kama wewe na kalamu mkononi? Mlikuwa mnajua mnachofanya!

Dawati la Madai: Mimi nilifuata taratibu, kaka. Usinitukane.

Fundi Seremala: Tusi liko wapi? Tai?

Hakimu wa Kijiweni: Jamani, jambo moja hamjaligusa. Gharama za ripoti ya daktari na ada za mahakama zinatolewa kabla ya kukata theluthi au baada? Zikitolewa baada, majeruhi anazibeba peke yake. Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kusaini.

Kunguru Mjanja: Mwanahawa bado hajanijibu.